Kathini Aliyemeza Nyuklia

Kabla hajaanza kuogopwa, Kathini alikuwa akihurumiwa, na huruma ya mji wa Emali si kitu cha kumwombea hata adui yako. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari iliyo nje kidogo ya mji, mke wa Mbugua mwenye hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, na mama wa Kui, msichana wa miaka mitatu. Mwaka huo alianza kukonda. Alikuwa akimaliza sahani mbili za muthokoi wa mahindi na maharagwe na bado sketi inamteleza kiunoni. Mikono ilimtetemeka hadi michoro yake ubaoni ikafanana na njia za mbuzi. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi tu, na jasho lilimtoka hata asubuhi zile za baridi ambapo wenzake walikuwa wamejikunyata ndani ya masweta.

Watu wa Emali, ambao hawajawahi kukosa jibu, walimpa maelezo ya kila aina bila kuombwa. Wengine walisema ni ule ugonjwa, wakilitamka neno "ule" kwa sauti ya chini ili wasikike vizuri zaidi. Wengine walisema ni mama mkwe wake, Bilha, aliyeishi Murang'a na ambaye hakuwahi kuficha kwamba angependa mwanawe aoe karibu na nyumbani. Mutindi, rafiki yake mkubwa na kiongozi wa maombi ya akina mama kanisani, alitangaza kwamba si vizuri kubahatisha. Kisha akabahatisha mambo matatu.

Daktari mmoja wa Nairobi alimgusa shingo, akamwambia ameze mate, akaagiza damu ipimwe, na hadithi zote hizo zikaishia hapo. Ilikuwa tezi ya shingo. Hiyo ndiyo inayouambia mwili uende kwa kasi gani, na yake ilikuwa imekanyaga mafuta na kukataa kuachia. Alipewa dawa za kumeza, zikamletea vipele mwili mzima na tezi ikaendelea na safari yake. Ndipo daktari akamweleza habari ya ayodini.

"Tezi inapenda ayodini," alisema. "Hiyo iliyo kwenye chumvi ya jikoni, tezi ndiyo inaivuta. Sasa tutakupa ayodini ya aina nyingine, inayotoa miale. Tezi haitajua tofauti. Itaila kama kawaida, na itaungua kutoka ndani."

"Ayodini 131," Kathini akasema.

"Kumbe unaijua?"

"Naifundisha. Iko karibu na mwisho wa silabasi ya kidato cha nne, pale tunapopita tukikimbia kwa sababu mtihani umefika."

Alidhani kujua kungemsaidia. Siku ya kidonge, mhudumu alikileta ndani ya kopo zito la madini ya risasi, akiwa amelibeba kwa mikono iliyonyooka kama mtu aliyebeba nepi ya mtoto wa jirani. Kidonge chenyewe hakikuzidi kile cha malaria. Kathini aliambiwa akimimine mdomoni bila kukigusa, ameze na maji, asitafune.

"Usiogope, madam, ni salama kabisa," mhudumu alisema. Wakati huo alikuwa ameshafika mlangoni.

Kathini alimeza. Miaka yote hiyo alikuwa amechora ubaoni mishale ya alfa, beta na gama, moja inazuiwa na karatasi, nyingine na bati jembamba, ya tatu inataka risasi nene. Hakuna mchoro hata mmoja uliowahi kuonyesha mtu akisogea kuelekea mlangoni. 

Masharti aliyopewa yalikuwa mengi. Alale peke yake. Asimbebe mtoto, asikae karibu na mwanamke mjamzito, hadi wiki kadhaa zipite na hospitali imruhusu. Anywe maji mengi, kwa sababu ayodini ambayo tezi haikuichukua hutoka na mkojo, na kila akienda msalani avute maji ya choo mara mbili. Sharti hilo la mwisho lilikuwa limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuishi Emali, mahali ambapo mfereji hukohoa hewa kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu na maji huja kwa mitungi mgongoni mwa punda. Bahati nzuri nyumba ya Mbugua ilikuwa na choo cha shimo, na shimo halivutwi.

Mbugua alimrudisha kwa pikapu yake yenye safu mbili za viti. Kathini alikaa nyuma, pembe iliyo mbali kabisa na dereva. Walikuwa wameshaiacha barabara ya Machakos nyuma Mbugua alipopata ujasiri wa kuuliza.

"Sasa hiyo kitu iko ndani, inafanya nini?"

"Kila atomi ina kiini katikati," Kathini alianza, na sauti ya darasani ikamjia yenyewe. "Kiini kina protoni na nyutroni. Viini vingi vimetulia, havina shida na mtu. Hiki cha ayodini yangu kina nyutroni nyingi kuliko inavyofaa, hakiwezi kutulia. Wakati wake ukifika, nyutroni moja inageuka kuwa protoni, na kiini kinatupa nje elektroni kwa kasi. Hiyo ndiyo beta. Inakwenda milimita moja au mbili ndani ya nyama, inaunguza tezi, inaishia hapo."

"Na ayodini yenyewe?"

"Si ayodini tena. Ukiongeza protoni moja, umebadilisha kitu. Inakuwa zenoni, gesi tulivu."

"Kwa hivyo nimeoa kiwanda cha gesi."

"Mbugua!"

"Nauliza tu, mama. Kama beta inaishia milimita mbili, mbona umekaa huko nyuma?"

"Kwa sababu kiini kikishatupa elektroni kinabaki na nguvu ya ziada. Kinaitoa kama gama, na gama haizuiwi na ngozi. Inatoka nje kama mwanga, inapita na kwenda zake. Kidogo kidogo haina neno. Ila mtu akikaa karibu muda mrefu, hasa mtoto, si vizuri."

Mbugua alitafakari hayo kwa umakini wote wa mwanamume anayempenda mkewe. Kisha akashusha kioo cha dirisha lake, gama ipate pa kutokea.

Mpango ulikuwa Kathini aende kukaa kwa mama yake huko Kitui, kwenye nyumba pana yenye vyumba vitupu. Kaka yake alipiga simu kabla hata hajafunga begi.

"Dada, tunakupenda sana. Lakini hapa mbuzi wana mimba. Tukipata mwana-mbuzi wa vichwa viwili tutamwambia nini mnunuzi?"

Kathini alitaka kumjibu kwamba mnunuzi atafurahi kwa kuwa supu itakuwa mara mbili, lakini alikata simu, akaingia kwenye chumba cha nje ambamo Mbugua alikuwa akihifadhi rangi na misumari. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama ua na tangi jeusi la maji. Humo ndimo angekaa likizo yote ya Agosti.

Bilha akaja kutoka Murang'a. Hakualikwa. Alishuka na gunia la nduma, akamchukua Kui, mjukuu aliyemwita Cucu, mikononi mwa Mbugua kana kwamba anapokonya kisu, kisha akaenda kusimama mbele ya chumba cha nje, mbali kidogo na mlango.

"Ni kweli umemeza bomu?"

"Ni dawa, mama."

"Mimi nimezaa watoto saba na sijawahi kumeza dawa inayoogopwa na daktari." Alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Na umekonda vibaya. Utakula nini?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno matamu zaidi ambayo Kathini aliwahi kuyasikia kutoka kwake.

Mutindi naye hakuchelewa. Alifika getini, akakataa kuingia, akanyoosha mkono kuelekea kile chumba na kuomba kwa sauti iliyosikika hadi stesheni ya reli. Jioni hiyo kundi la akina mama kwenye WhatsApp likapata ujumbe wake: dada yetu Mama Kui amewekewa nyuklia mwilini, tumkumbuke kwa maombi, na wenye mimba wasipite karibu na hadiwea ya Mbugua. Amina zilimiminika. Wateja hawakumiminika. Fundi mmoja aliuliza kama misumari iliyolala chumba kimoja na Mwalimu imeshika miale, na Mbugua akaeleza kwa subira kwamba miale si kama moshi, haishiki kwenye nguo wala misumari, na kwamba hata hivyo misumari iliondolewa kabla. Fundi alishukuru kwa maelezo hayo mazuri na kwenda kununua kwingine.

Mtu pekee aliyekuja kwa furaha alikuwa Kyule, mkulima wa upande wa Kiboko. Alifika na gunia la ndengu kwenye bodaboda.

"Mwalimu," alisema akiwa dirishani kabisa, "nimesikia miale inaua wadudu wa nafaka."

"Iko mitambo inayofanya hivyo, ndiyo. Mikubwa."

"Basi. Ndengu zangu zimeingiliwa na fukusi. Kaa nazo hapo ndani siku chache tu. Si lazima ufanye kitu."

"Kyule, miale niliyo nayo haiwezi kuua hata fukusi mmoja. Mdudu ni mgumu kuliko mtu, anahitaji nyingi ajabu."

"Umejaribu?"

"Sijajaribu."

"Sasa unajuaje?" Akaliegemeza gunia chini ya dirisha na kuondoka kabla hajajibiwa. Kathini alicheka hadi akakaa chini sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Nairobi. Fukusi kwa upande wao walizaana vizuri, na Kyule aliporudi kulichukua gunia alimlaumu kwamba hakuwa ametia bidii.

Lakini kicheko hakikudumu. Asubuhi moja Bilha alitoka getini kumpokea mtu wa maziwa, naye Kathini alikuwa amesimama kwenye tangi akiosha sahani zake. Kui akatoka ndani ya nyumba. Kwa siku nyingi alikuwa amemwona mama yake kupitia dirishani tu, akimpungia mkono kama mtu aliye kwenye treni.

"Mami!"

Akaja mbio, mikono yote miwili imenyooshwa. Na Kathini, ambaye kila usiku alilala akiiwaza mikono hiyo, akakimbia.

Alizunguka tangi, mtoto nyuma yake. Kui alidhani ni mchezo, akapiga kelele za furaha na kuongeza mwendo. Walizunguka tena na tena, mwalimu wa fizikia mwenye shahada akihema mbele ya mtoto mwenye ndara zilizovaliwa kinyume, na juu ya ua wa michongoma vichwa vya majirani vikachomoza kimoja kimoja. Kisha Kui akatazama uso wa mama yake, akaona kwamba hacheki. Akasimama. Akajaribu kukata kona upande wa pili, akajikwaa na kuanguka kifudifudi kwenye changarawe.

Alilia ile sauti ya mtoto anayejua kwamba atainuliwa sasa hivi. Kathini alisimama ng'ambo ya tangi, mikono ameifunga mgongoni, mmoja ukiushika mwingine isije ikaenda yenyewe.

"Amka, mama. Amka, pole. Cucu anakuja. Mama Mbugua! Njoo umchukue, tafadhali!"

Bilha aliangusha sufuria, maziwa yakamwagika, akaja mbio ambazo hakuna aliyejua bado anazo. Alimwinua mtoto, akamfuta damu gotini kwa kanga, kisha akawageukia wale waliochungulia juu ya michongoma.

"Mnatazama nini? Kwenu hakuna watoto wanaoanguka?"

Vichwa vilizama.

Adhuhuri hiyo Bilha alitandaza turubai uani na kumwaga juu yake mbaazi alizonunua zikiwa bado kwenye maganda, zikauke. Alivuta kigoda, akakaa mbali na dirisha la Kathini, kwa umbali ule ambao hospitali yenyewe ingeusifu.

"Nieleze," alisema. "Hii kitu inaisha lini? Na usiniambie kama unavyowaambia wanafunzi. Niambie nielewe."

Jua lilikuwa kali. Ganda moja likapasuka, ta! na punje zikaruka kando.

"Umeona hilo ganda, mama? Ulijua litapasuka sasa?"

"Ningejuaje?"

"Hakuna anayejua. Na hilo lililo karibu nalo linaweza kukaa hadi kesho. Lakini wewe umeanika mbaazi miaka mingi. Ukianika turubai zima, hujui kwamba kufikia saa fulani nusu yake itakuwa imefunguka?"

"Hilo najua."

"Ndivyo ilivyo ayodini. Kila atomi ni ganda. Huwezi kujua ipi itapasuka sasa, lakini zikiwa nyingi, kila baada ya siku nane nusu yake imeshapasuka. Wanaita nusu-uhai. Siku nane nyingine, nusu ya ile nusu iliyobaki. Halafu nusu ya hiyo. Na huwezi kuiharakisha kwa moto wala maombi."

Bilha akayageuza maganda kwa mkono. "Kwa hivyo haiishi kabisa. Inapungua tu."

"Inapungua hadi haina maana tena. Na nyingine nimeshaikojoa, kwa hivyo kwangu inakwenda haraka zaidi."

"Basi kunywa maji," Bilha alisema, akainuka kwenda kumletea.

Siku ambayo hospitali ilimruhusu, Kathini alioga, akavaa rinda ambalo Kui alilipenda, akachuchumaa uani na kufungua mikono. Kui akajificha nyuma ya sketi ya bibi yake. Alikuwa amefundishwa vizuri mno. Kathini alingoja akiwa amechuchumaa hadi miguu ikafa ganzi, na mtoto hakuja. Hakuja jioni wala kesho yake. Alikuja siku ya tatu bila kuitwa, wakati Kathini akichambua mchele na akili yake iko kwingine, akajipenyeza chini ya mkono wake na kuanza kula mchele mbichi.  Kathini aliendelea kuchambua, machozi yakiingia kwenye ungo.

Yakabaki mambo ya shule. Mwalimu mkuu, Bwana Munyao, alikuwa amepiga simu kabla ya muhula kufunguliwa.

"Mwalimu Kathini, tumeonelea upumzike hadi mwisho wa muhula. Ni kwa ajili ya afya yako."

"Afya yangu imerudi, Mwalimu."

"Basi ni kwa ajili ya afya yetu."

Kathini alifika siku ya kufungua, kabla ya kengele. Bwana Munyao alimtazama kutoka upande wa pili wa meza yake, akaitazama kalenda, akaona mtihani wa kitaifa ulivyo karibu na kukumbuka kwamba hana mwalimu mwingine wa fizikia. Imani yake katika sayansi ikamrudia. Alimruhusu aingie darasani, mradi madirisha yabaki wazi.

Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wamesogeza madawati nyuma. Mstari wa mbele ulikuwa mtupu kama viti vya kanisani siku ya sadaka maalumu. Msichana mmoja, Muthoki, aliinua mkono.

"Madam, ni ukweli unaweza kulipuka?"

 Kathini akachukua pakiti za chaki na kuzigawa, kila mwanafunzi vipande viwili.

"Nyinyi ni yurani, ile ya bomu," alisema. "Chaki ni nyutroni. Ukipigwa na chaki, kiini chako kimepasuka vipande viwili, na wewe unatupa chaki zako zote mbili juu. Anayepigwa naye anatupa zake. Hamtupi kama hamjapigwa."

Akarusha kipande kimoja nyuma kabisa. Kikampiga Muthoki begani. Muthoki akatupa viwili, viwili vikawa vinne, na kwa muda mfupi kuliko wa kusoma sentensi hii darasa zima lilikuwa chaki hewani, mayowe, na madawati yakigongana. Bwana Munyao alikuja kuona ni vita gani, akafungua mlango, na nyutroni moja ikamgonga kwenye paji la uso.

"Huo ndio mmenyuko wa mfululizo," Kathini alisema kwa utulivu. "Yurani ikipigwa inapasuka na kutoa nyutroni za kupasua wengine. Katika mtambo wa umeme tunaweka vizuizi vya kumeza chaki za ziada, ndiyo moto uende polepole. Kwenye bomu hakuna anayemeza. Karibu, Mwalimu Mkuu, ulikuwa unatusaidia kama kizuizi."

Bwana Munyao alipangusa chaki na kubaki mlangoni.

"Sasa okoteni. Mara hii nyinyi ni ayodini. Kila mmoja atupe kipande kimoja sakafuni wakati wowote anaopenda, asimrushie mtu. Akishatupa, amemaliza, akae kimya."

Kipande kikaanguka hapa, kingine kule. Halafu viwili karibu kwa pamoja. Halafu kimya kirefu, mtu akakohoa, kikaanguka kingine. Hakuna aliyempasua mwenzake. Mwisho walibaki wawili watatu wakishikilia chaki zao kwa ukaidi, na darasa likawacheka.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa shingoni mwangu," Kathini alisema. "Andikeni."

Muthoki akaburuta dawati lake hadi mbele. Wengine walifuata kwa kusitasita, isipokuwa kijana mmoja aliyesema mama yake amemkataza, naye Kathini akamwambia ni vizuri kumtii mama.

Mutindi aliendelea kuomba kwa mbali hadi karibu na Krismasi, kisha akapata jambo jingine la kuombea. Hadiwea ilipata wateja tena mvua zilipoharibu mapaa, kwa kuwa mtu anayelowa haulizi misumari ilikolala. Moyo wa Kathini ulitulia, mikono ikaacha kutetemeka, na tezi, iliyoungua kama ilivyokusudiwa, ikawa sasa vivu kupita kiasi. Daktari akamwandikia kidonge kidogo cha kumeza kila asubuhi maisha yake yote, kisicho na miale, kisichomkimbiza mhudumu yeyote.

Bilha alikaa hadi mwaka mpya. Siku ya kurudi Murang'a walimsindikiza hadi barabara kuu, malori yakipita na kuwarushia vumbi. Alimbusu Kui, akamkemea Mbugua kwa sababu ambazo hakuzitaja, kisha akamkumbatia Kathini kwa nguvu, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya harusi. Akamwachia, akarudi nyuma hatua moja na kumtazama kiunoni.

"Umenenepa," alisema. "Sasa punguza chapati."

Akapanda gari.